Maji Chini ya Jiwe la Kufulia

Katika kijiji cha Mgudeni, kando ya mto Ruvu, Jumamosi haikuwa siku ya kulala mpaka jua likuchome nyayo. Dija aliamka mapema, akafagia uwanja, akaosha vyombo vya usiku, kisha akambembeleza mdogo wake Ausi aliyekuwa akiulilia uji kwa sababu ni wa moto, na akipozewa anaulilia kwa sababu umepoa. Baada ya hapo ilibaki kazi moja, nayo Dija hakuipenda hata kidogo. Ilikuwa zamu yake kwenda kusoma kipimo cha mto.

Kipimo chenyewe kilikuwa nguzo ya zege iliyosimikwa ukingoni na Jumuiya ya Watumia Maji. Ilipakwa rangi ya kijani chini, njano katikati na nyekundu juu. Maji yakiwa kwenye kijani, mto umetulia. Yakifika njano, watu wajiandae. Yakigusa nyekundu, mtu yeyote aliye mashambani bondeni lazima atoke. Jumuiya hiyo ndiyo iliyopanda mikuyu na mianzi kando ya mto, ikawaondoa wafyatua matofali waliokuwa wakiumega ukingo, na ikawapa wanafunzi wa klabu ya mazingira kazi ya kuiangalia nguzo kila asubuhi. Wanafunzi humpelekea habari Mwalimu Tarcis, mlezi wa klabu, naye huituma kwa simu kwa wanajumuiya wote.

Waliokuwa wakiingoja habari hiyo kuliko wengine ni wakulima wa Kirumbi. Kirumbi ni bonde la mpunga lililo chini ya mto, kuelekea baharini. Upande mmoja wa bonde unapita mto wenyewe, na upande wa pili unapita mkono wa mto, kijito ambacho mtu hukivuka kwa miguu siku za kawaida. Kijito kikijaa, mashamba yote hugeuka kisiwa. Msimu huo mpunga ulikuwa umeanza kuinama, kwa hiyo wenye mashamba walilala huko huko kwenye madungu, vile vibanda vinavyojengwa juu ya nguzo za miti. Mchana waliamia ndege na usiku waliwafukuza nguruwe. Mama yake Dija, Mwaija, alikuwa mmoja wao. Kila mtu Mgudeni alijua kwamba maji yakipanda kijijini alfajiri, baada ya adhuhuri yamekwisha fika Kirumbi.

Kazi ya kusoma nguzo haikuwa ngumu. Ugumu ulikuwa ni mamba.

Mwezi uliopita Dija na mwenzake wa zamu, Bader, walikuwa wamesimama pale pale ukingoni wakati mbuzi wa jirani aliposhuka kunywa maji. Maji yalikuwa shwari kabisa. Ghafla yalipasuka, mbuzi akalia mara moja, na maji yakarudi kuwa shwari. Dija alikimbia hadi shuleni akiwa na kandambili moja. Tangu siku hiyo Jumuiya iliweka amri kwamba mtu asiende kwenye nguzo peke yake, na mwanafunzi asiyepata mwenzake arudi kwa Mwalimu Tarcis, atafutiwe mtu mzima wa kumsindikiza.

Amri ilikuwa nzuri, lakini Bader alikuwa na mdomo. Alilisimulia darasa zima habari ya ile kandambili, na watoto wakacheka hadi machozi yakawatoka. Dija aliapa mbele yao kwamba yeye si mwoga, na kwamba angeweza kwenda mtoni peke yake wakati wowote. Maneno ya namna hiyo ni rahisi kuyatoa, kuyarudisha ndiyo kazi.

Asubuhi hiyo alipobisha hodi kwa kina Bader, mama yake alitoka na kusema kwamba mtoto amelala na homa. Dija alisimama njiani akifikiri. Akirudi kwa mwalimu, Jumatatu darasa lingejua. Akaamua kwenda mwenyewe.

Alifika mwisho wa njia, penye mianzi, na miguu ikagoma. Mbele yake njia iliteremka mpaka mahali pa kufulia, palipozungushiwa uzio wa magogo ili mamba asipite. Nguzo haikuwa ndani ya uzio. Ilikuwa mbele zaidi, baada ya kona, katikati ya matete marefu yanayomfunika mtu. Maji yenyewe hayakuonekana kwa sababu ya matete, lakini Dija aliyasikia yakivuma kwa sauti nzito. Kitu fulani kilitumbukia, tubwi. Huenda alikuwa chura. Moyo wake haukutaka kusikia habari za chura, ulikuwa ukidunda mpaka akausikia masikioni. Alijaribu kuinua mguu, akaona hawezi.

Wakati huo Wahida, dada mmoja jirani yao, alitokea akipanda kutoka mtoni na beseni la nguo kichwani. Alikuwa wa mwisho, wenzake walikwisha kuondoka.

"Shikamoo, dada Wahida," Dija alisema.

"Marahaba. Mbona umesimama hapo kama mlinzi wa benki?"

"Napumzika tu. Eti maji vipi leo?"

"Maji yapo," Wahida alijibu. "Yako chini ya jiwe la kufulia, kama siku zote."

"Hayajalifikia jiwe?"

"Yangekuwa yamelifikia ningefulia wapi, juu ya mti? Nipishe miye, beseni zito hili."

Wahida akaenda zake. Dija alibaki akipiga hesabu. Jiwe la kufulia liko chini, usawa wa rangi ya kijani. Ikiwa maji hayajalifikia jiwe, basi kwenye nguzo hayajatoka kwenye kijani. Ilikuwa hesabu safi, mwalimu yeyote angeitia tiki. Aligeuka akaondoka haraka, na kila alipopiga hatua alihisi kama kuna kitu kinamfuata mgongoni.

Mwalimu Tarcis alikuwa nyumbani kwake akiziba pancha ya baiskeli.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Dija. Lete habari za mto."

"Kijani, mwalimu."

"Umeona mwenyewe?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea, nao ulikuwa wazi. Dija aliutazama, akaupita.

"Nimeona, mwalimu."

"Na tope?"

"La kawaida."

"Bader yuko wapi?"

"Amepitia kwao mara moja."

Mwalimu alifuta mikono, akachukua simu na kuandika ujumbe. Mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu hata moja, na hakukuwa na sababu ya mtu kuwa na shaka. Lakini wenye kuujua Ruvu wanajua kwamba mto huo haujazwi na mvua ya huku Bagamoyo. Unajazwa na mvua ya milimani, huko mbali, ambayo watu wa pwani hawaioni wala hawaisikii.

Nyumbani, mama, aliyekuwa amerudi jana yake kuchukua chakula, alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake wa unga, chumvi na dagaa. Alikuwa akingoja jambo moja tu.

"Mto vipi, mwanangu?"

Dija alitazama chini. "Kijani, mama."

"Alhamdulillahi. Basi mimi nakwenda. Nikiwaacha ndege leo, wataniachia mabua. Utakula kwa kina Wahida, kesho jioni nitarudi."

Alimfunga Ausi mgongoni kwa kanga, akapanda bodaboda ya kwenda Kirumbi. Ausi alimpungia dada yake mkono wenye uji. Dija naye alipunga. Alijiambia kwamba Wahida si mwongo. Alijiambia kwamba kuambiwa na mtu aliyeona ni sawasawa na kuona. Alijiambia mambo mengi asubuhi hiyo, na mtu mwenye amani moyoni huwa hajiambii mengi hivyo.

Adhuhuri ilipokaribia alikwenda kumsaidia Wahida kumenya muhogo. Wahida alikuwa ameketi kwenye kibao, akijinyoosha na kuguna kila baada ya muda.

"Unaumwa, dada?"

"Mgongo. Lile jiwe si la mchezo."

"Jiwe gani?"

"La kufulia, lipo jingine? Alfajiri tulilikuta limemezwa na maji, hata halionekani. Tukalivuta wanawake wote mpaka juu, karibu na mlango wa uzio. Maji yakipanda kazi yetu huwa hiyo tu, kulipandisha jiwe."

Kisu cha Dija kilisimama katikati ya muhogo.

"Kwa hiyo asubuhi uliposema maji yako chini ya jiwe..."

"Yalikuwa chini ya jiwe. Si tulikuwa tumelipandisha?" Wahida alimtazama. "Mbona umebadilika rangi hivyo? Nyie watoto wa klabu si mnakwenda kwenye nguzo yenu? Sisi hatukuona haja ya kusema, tulijua mmeona wenyewe."

Dija alihisi baridi ikimwingia kwenye mifupa, na jua lilikuwa la utosi. Maji hayawezi kamwe kulipita jiwe ambalo watu wanalikimbiza mbele yake. Mtu angeweza kuuliza kila siku na kujibiwa "yako chini ya jiwe" hadi siku ambayo jiwe lingekuwa mlangoni kwake.

"Dada, twende mtoni," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Tafadhali twende sasa hivi."

Walikimbia. Penye mianzi Dija alimshika Wahida mkono na hakuuachia. Mahali pa kufulia hapakuwepo tena. Vichwa vya magogo ya uzio tu vilichungulia, na maji ya rangi ya udongo yalipita katikati yake yakibeba mgomba mzima, kigoda, na matete yaliyong'olewa na mizizi yake. Hawakuhitaji kushuka hadi kwenye kona. Matete yaliyokuwa yakiificha nguzo yalikuwa yamelala, na nguzo ilionekana kutoka pale pale walipokuwa wamesimama. Kijani hakikuwepo. Njano haikuwepo. Maji yalikuwa yakiilamba nyekundu.

"Ewe Mola," Wahida alinong'ona. "Ngoja nikawazuie wanawake wasije huku. Wewe kimbia kwa mwalimu."

Dija alikimbia. Safari hii hakuwa akimkimbia mamba. Alikuwa akiona dungu la mama yake, lililo la mwisho kabisa kule Kirumbi, lile ambalo mama mwenyewe alilisifia kwa kuwa karibu na mto na kupata upepo.

Kwa Mwalimu Tarcis alimkuta pia Bi Adila, mwenyekiti wa Jumuiya, mama mnene mwenye miwani na pikipiki yake mwenyewe. Alikuwa amekuja kusema kwamba wenzao wa upande wa juu wa mto, kule Ubena, hawapatikani kwenye simu tangu jana, na kwamba jambo hilo halimpi raha.

"Mwalimu," Dija alisema akihema, "maji yamegusa nyekundu."

Bi Adila alivua miwani. "Umeona?"

"Nimeona. Mimi na dada Wahida."

"Asubuhi kijani, na sasa nyekundu," Bi Adila alisema polepole, akihesabu kwa vidole. "Basi yamepanda hivi punde tu. Kirumbi yatafika usiku. Hatuna sababu ya kuwatia watu kiwewe, wakanyagane bure kijitoni. Mwalimu, mpigie Bwana Zayed kule Kirumbi. Mwambie wavune wanachoweza, wafunge mizigo yao, watoke kabla ya magharibi."

"Wazo zuri," Mwalimu Tarcis alisema, akachukua simu. Kisha akamgeukia Dija. "Umefanya vizuri kuwahi."

Dija alisimama pale, amesifiwa. Hakuna aliyemgombeza wala aliyemuuliza habari za asubuhi. Kama angenyamaza, ule uongo ungezama kwenye maji yale na usingeonekana tena, na Jumatatu angekuwa msichana aliyeiokoa Kirumbi. Lakini alijua jambo ambalo watu wazima wale hawakulijua. Maji hayakupanda hivi punde. Yalipanda alfajiri, au kabla yake. Hayangefika Kirumbi usiku. Na mama yake, akiambiwa ana muda mpaka magharibi, angeinama na kisu chake na kuvuna mpaka suke la mwisho, maana mama hakuwa mtu wa kuacha kitu.

Aliogopa. Aliogopa uso wa mwalimu, aliogopa darasa, aliogopa jina jipya watakalompa. Simu ilikuwa imeanza kuita.

"Mwalimu, usimwambie hivyo," alisema.

"Nisimwambie vipi?"

"Asubuhi haikuwa kijani. Yaani, sijui ilikuwa rangi gani. Sikushuka. Bader anaumwa, nilikwenda peke yangu, nikaogopa, nikamuuliza dada Wahida. Akasema maji yako chini ya jiwe la kufulia. Nikakuambia nimeona." Machozi yalianza kumtoka lakini hakusimama. "Na jiwe walikuwa wamelipandisha. Maji yalilimeza tangu alfajiri."

Uso wa Mwalimu Tarcis ulibadilika. Bi Adila hakungoja. Alimnyang'anya simu mkononi.

"Zayed? Mimi Adila. Sikiliza, usiniulize kitu. Toa watu bondeni sasa hivi, waache kila kilichomo. Kila kitu, hata sufuria jikoni. Funga kamba kijitoni. Ingia msikitini utangaze kwa kipaza sauti." Alikata simu, akaitafuta miwani yake ambayo alikuwa ameishika. "Mama yako yuko wapi, Dija?"

"Kirumbi. Na Ausi."

"Panda pikipiki."

Njia ya Kirumbi haikuwa ndefu, lakini siku hiyo Dija aliiona haina mwisho. Bi Adila aliendesha kwa kasi. Dija alimshikilia kiunoni, amefumba macho, akisoma kila dua aliyofundishwa madrasa, na alipozimaliza akazirudia. Walipokaribia, alisikia sauti ya kipaza sauti kutoka mbali. Haukuwa wakati wa adhana. Ilikuwa sauti ya Bwana Zayed, mwenye duka la kivukoni, na kila mtu wa huko aliifahamu kwa sababu ndiye aliyetangaza misiba.

"Walio bondeni watoke. Nasema watoke hivi sasa, wasichukue mzigo. Maji yanakuja."

Kijito kilichokuwa kikivukwa kwa kukunja suruali kilikuwa tayari kifuani. Maji yake yalikuwa mekundu kwa udongo na yalikwenda kasi. Wanaume walikuwa wamefunga kamba ya katani kutoka mti wa upande huu hadi mti wa upande ule, na watu walivuka wakiishika kwa mikono yote miwili, mmoja nyuma ya mwingine. Wanawake walilia. Mzee mmoja aliyekuwa amebeba kiroba cha mpunga alipigiwa kelele akitupe, akakitupa, na kiroba kikaondoka na maji kama bua la muhindi.

Dija alitazama kila uso uliofika. Huyu si mama. Huyu si mama. Alimshika mkono mwanamke mmoja aliyelowa mpaka kichwani.

"Mama Ausi yuko wapi? Mwaija?"

"Nilimwona kwenye dungu lake," mwanamke alisema huku meno yakigongana. "Tangazo lilipoanza sote tulidhani ni msiba. Tulisimama kusikiliza ni nani aliyefariki. Tulipoelewa, mimi nilikimbia. Yeye alikuwa mbali zaidi, na mtoto alikuwa amelala."

Watu waliokuwa wakivuka walipungua. Kisha hakuna aliyetokea. Ng'ambo kulikuwa na mpunga tu, umesimama kwenye maji, na madungu yaliyobaki wazi. Bwana Zayed alikuwa amekwisha rudi kutoka msikitini, kanzu yake ameikunja kiunoni, na aliwaambia vijana waanze kufikiria kuifungua kamba kwa sababu mti wa ng'ambo ulikuwa ukitikisika.

"Bado mama yangu," Dija alisema. "Bado mama yangu na mdogo wangu."

"Haifunguliwi," Bi Adila alisema. "Nani kasema ifunguliwe?"

Ndipo mpunga wa ng'ambo ulipogawanyika na mama akatokea, maji kiunoni, Ausi ameketi mabegani mwake akimshika nywele. Alikuwa amepoteza kanga ya kichwani. Aliishika kamba, akaingia kijitoni, na maji yakampanda hadi shingoni. Ausi alilia. Katikati ya kijito mguu wa mama uliteleza, mwili wake ukalala na mkondo, na kwa muda ambao Dija hakuweza hata kuvuta pumzi, kilichoonekana juu ya maji kilikuwa mkono mmoja kwenye kamba na mtoto aliyeng'ang'ania kichwa. Vijana wakajitosa wakishikana mikono. Wa mbele alimpata Ausi, wa nyuma yake akampata mama kwa gauni. Waliwavuta hadi ukingoni, na kabla hawajasimama vizuri ule mti wa ng'ambo uling'oka na kuondoka na kamba yote.

Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa kutazama. Maji yaliingia kwenye mashamba kutoka pande zote mbili. Dungu la mwisho lilipinda, likaketi, likapotea. Kisha yakafuata mengine. Kila mtu alikuwa akitazama chakula chake cha mwaka mzima.

Mama alikuwa ameketi chini, amemkumbatia Ausi, akitetemeka. Dija alipiga magoti mbele yake.

"Uliniambia kijani," mama alisema kwa sauti ya chini.

"Nilisema uongo, mama. Sikwenda kuangalia. Niliogopa mamba, halafu nikaogopa kuchekwa."

Mama alimtazama tu, na Dija alitamani apigwe. Wakulima waliokuwa karibu walisikia, na mmoja wao, yule mzee wa kiroba, alianza kufoka kwamba watoto wasipewe kazi za watu wazima. Bi Adila aliinua mkono, mzee akanyamaza. Kisha akachuchumaa hapo hapo kwenye matope, karibu na Dija.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Sina ugomvi na wewe kwa sababu ya kuogopa. Mamba wa pale hata mimi namwogopa, na tulikosea sisi wakubwa kuisimika nguzo nje ya uzio. Hilo ni letu, na tutalirekebisha. Lakini ungemwambia mwalimu 'sijaona', angemtuma mtu mwingine, na leo watu wangetoka bondeni mapema. 'Sijaona' ni habari, Dija. Inatusaidia. Uliposema 'nimeona', mwalimu aliacha kutafuta, mimi nikaacha kutafuta, na mama yako akambeba mtoto akamwingiza bondeni. Kusikia si kuona. Anayesema ameona kitu ambacho ameambiwa, anawafumba macho watu wote waliomwamini."

"Nimeelewa, Bi Adila."

"Na jambo la pili ulilijua mwenyewe bila mtu kukufundisha. Mwalimu alikuwa amekusifu. Ungeweza kukaa kimya. Kama tungewangoja mpaka magharibi, hapa pasingekuwa na mtu wa kumvuta." Alisimama akishika magoti yake, akawageukia wale wakulima. "Mpunga umekwenda, na mimi wangu umo. Tutaulilia wote. Lakini tuhesabuni watu, tuone kama kuna aliyepungua."

Walihesabiana kwa majina, dungu kwa dungu. Hakuna aliyepungua.

Jua lilikuwa likielekea kuzama walipopata gari la kuwarudisha Mgudeni. Ausi alikuwa amelala mapajani mwa Dija, nguo zake mbichi, mdomo wazi. Dija alishika mguu wake mdogo na hakutaka kuuachia.

"Mama, utanisamehe?"

"Nimekasirika sana," mama alisema. "Leo siwezi kukudanganya kwamba sijakasirika, maana umeona kuongopa kunakotupeleka." Alinyoosha mkono akamfuta tope shavuni. "Kesho alfajiri tutakwenda kwenye nguzo, mimi na wewe na Wahida. Tutasimama pale ambapo miguu itakubali. Na tutakachokiona kutoka hapo, hicho ndicho utakachomwambia mwalimu."